Kaka wa Chama

Ijumaa ile Wijdan alivaa akavua, akavaa tena akavua, mpaka kitanda chake kikajaa nguo kama duka la sokoni Matrah mwisho wa Ramadhani. Mama yake, Bi Sayyida, alisimama mlangoni akimtazama, mkono kiunoni.

"Weye mtoto, wanakuja kuposa au wanakuja kununua nguo? Na hata hutoki mbele yao. Kaa kitako upumue."

"Mama, shela hii imenikaa?"

"Imekukaa. Na ile ya mwanzo ilikukaa. Mie siku yangu nilivaa nilichovalishwa, na babako hajalalamika mpaka leo."

Wijdan akacheka. Tangu asubuhi alikuwa akicheka kwa kila kitu, hata chumvi ilipomwagika jikoni. Mtu akipenda huwa hivyo. Hujidhani kaficha siri kubwa, kumbe hata majirani wanajua. Alasiri hiyo Mahfoudh alikuwa anakuja kwao. Alimwambia mwenyewe chuoni baada ya mazoezi ya maigizo, macho yake yakiwa sakafuni: "Ijumaa baada ya alasiri n'takuja kwenu, na watu wazima. Mwambie mama asijihangaishe na mapishi." Sasa kijana haendi nyumbani kwa msichana na watu wazima kuuliza bei ya samaki. Wijdan hakulala vizuri wiki nzima, na wala hakujuta.

Lakini Mahfoudh hakuwa kijana wa hivi hivi tu. Alikuwa kaka yake wa chama, na jambo hilo lina kisa chake.

Chuo chao kilikuwa kidogo, jengo moja tu pale Wattaya, Maskati, nyuma ya maduka ya magari, kidogo hata mtu akikohoa maktaba husikika mkahawani. Kilipofunguliwa katikati ya miaka ya tisini, wanafunzi wakaanzisha vyama vyao, maana vijana wakikosa la kufanya baada ya masomo hawakosi la kufanya. Kulikuwa na Chama cha Safari, ambao kila baridi ikiingia walipanda milima ya Jabal Akhdhar wakarudi na mafua. Kulikuwa na Chama cha Picha, ambao hawakuwahi kukubaliana mwenyekiti wao ni nani. Na kulikuwa na Chama cha Maigizo, kilichopendwa kuliko vyote na kuchekwa kuliko vyote, kwa sababu hakikuwa na msichana hata mmoja. Wavulana wenyewe ndio waliocheza wake na mama wakwe, masharubu yakichungulia chini ya shela. Mwaka mmoja bibi harusi alikufa kwa huzuni jukwaani, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Si kwamba wasichana hawakutaka. Baba zao ndio hawakutaka. Mazoezi yalikwisha magharibi, na ni baba gani wa Maskati angemwachia binti yake akae nje mpaka magharibi na wavulana, wakijifanya mume na mke? Ndipo chama kikabuni ukaka. Msichana akitaka kuingia, chama humchagulia mvulana mmoja mwenye adabu zake. Mvulana huyo huenda kwa baba wa msichana siku ya Ijumaa, na halwa mkononi, akanywa kahawa, kisha akampa mzee mkono na kusema: "Huyu ni dada yangu mbele ya Mungu." Kuanzia hapo amekuwa kaka wa chama. Jioni msichana hupanda basi dogo la chuo na wenzake, na kaka hulifuata basi kwa gari lake mpaka mlangoni kwao, akamwona ameingia, akaenda zake. Hawapandi gari moja hata siku moja. Tangu desturi hiyo ianze, hakuna kaka aliyemgeukia dada yake kwa mapenzi, na ndiyo maana ilipofika mwaka elfu mbili na mbili wasichana wa chama walikuwa wamefika thelathini. Hind, rafiki yake Wijdan wa kufa na kuzikana, alimlilia baba yake mwaka mzima mpaka akaruhusiwa. Wazee waliuamini ule mkono kuliko maneno yote ya mkuu wa chuo.

Basi miaka miwili Wijdan alikaa kiti cha nyuma kabisa cha basi. Wenzake waligombea viti vya mbele vyenye baridi ya kiyoyozi, yeye aliridhika na joto, kwa kuwa kioo cha nyuma kilikuwa chake. Basi likipinda katika milima ya Wadi Adai kuelekea Al Amerat, gari la Mahfoudh nalo linapinda. Likisimama, linasimama. Na likisimama, yeye aliinua macho akamwona, na Mahfoudh akawahi kutazama kando, lakini hakuwahi sana. Siku moja basi liliharibika njiani, jua kali, wasichana wakashuka. Mahfoudh akatoa chupa za maji garini kwake akawagawia wote, akampa Wijdan wa mwisho. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka.

"Mbona unatetemeka, kaka?" Wijdan akamuuliza.

"Maji ya baridi," akajibu.

Maji yalikuwa ya moto. Yalishinda ndani ya gari mchana kutwa. Wijdan aliyanywa yote, na tangu siku hiyo hakuwa na mashaka tena.

Kiangazi kile Mahfoudh alimaliza chuo akapata kazi, na Wijdan akajiambia kwamba ukaka nao umemalizika. Kweli, bado alilifuata basi kila jioni, na bado wazee walimwita kaka. Lakini moyo ukitaka jambo hujitungia sheria zake, na za wenzake huzisahau.

Gari likanguruma nje. Bi Sayyida akasogeza pazia kidogo.

"Wamekuja. Mahfoudh yule. Ana mzee mmoja, huyu si Khattab wa Ghubra? Na kijana mwengine, kanzu yake imepigwa pasi utadhani harusi ni leo."

"Atakuwa rafiki yake," Wijdan akasema. "Babake marehemu, mama, lazima aje na mzee mwengine."

Alikaa kitandani akasikiliza. Chumba cha wageni kilikuwa ng'ambo tu ya ukumbi, na sauti zilimfikia nusunusu: salamu ndefu, afya, mvua ambayo haikunyesha, vikombe. Sauti ya Mahfoudh aliijua hata katika kelele, leo ilikuwa chini kuliko zote. Anaona haya, Wijdan akawaza, na akampenda zaidi.

Baada ya muda baba yake akaingia. Mzee Sleiman alikuwa mstaafu wa forodha, mtu wa maneno machache na tabasamu chache zaidi, lakini sasa uso wake ulikuwa umekunjuka wote. Akasukuma nguo kando akakaa karibu na binti yake.

"Mwanangu, imekuja posa. Na kilichonifurahisha ni aliyeileta. Mahfoudh ni mwanangu. Hawezi kukuletea mtu asiyemjua nje na ndani."

Wijdan alikuwa ameshainamisha uso, kama alivyofunzwa. Akauinua.

"Kumletea mtu gani?" Bi Sayyida akauliza.

"Thani. Mpwa wake Khattab. Kijana wa Ghubra, mhandisi, alikuwa hapo hapo chuoni katika Chama cha Safari, wale wapanda milima. Anasema alimwona Wijdan kwenye mchezo, na tangu siku hiyo hajatulia. Mahfoudh ndiye mshenga. Kamsifia mpaka mwenyewe kaona haya."

Mshenga. Wijdan alilisikia neno hilo na halikumwingia. Alimtazama baba yake midomo ikiendelea kusema, kazi ya Thani, nyumba ya Thani, na kila alichosema kilipita mbali kabisa na yeye. Mahfoudh amekuja. Amekuja kweli, na watu wazima, kama alivyosema. Amekuja kumwombea mtu mwingine. Alitaka kusema kitu, hata "subiri" tu, lakini ulimi ulimgandia kinywani.

"Basi n'nakuuliza, kama sharia inavyotaka," baba yake akasema kwa upole. "Umeridhika?"

Kuna jambo kila msichana wa nyumba zile alifunzwa mapema, hata kabla ya kupika wali. Baba akikuuliza swali hilo, usimkodolee macho, usijibu. Inama, nyamaza. Kimya cha mwari ndiyo idhini yake. Wijdan alikuwa amejiandaa wiki nzima kwa kimya hicho, alikuwa nacho tayari, kilikuwa cha Mahfoudh. Sasa alinyamaza kwa sababu hakuwa na sauti. Baba yake angeijuaje tofauti?

Mzee Sleiman akangoja, kisha akamwekea mkono kichwani.

"Alhamdulillahi. Mungu akubariki."

Akatoka. Bi Sayyida alikuwa tayari ameshafungua kinywa apige kigelegele, kikamwishia kooni alipomwona mwanawe.

"Mbona umesawijika?" Akaufunga mlango. "Wijdan. Si huyu uliyemtaka?"

Wijdan akatikisa kichwa.

"Ni Mahfoudh," mama yake akasema, na hakuwa akiuliza. "Unanitazama nini? Mie n'nasimama dirishani kila siku. Msichana anayeshuka kwenye basi akaja ndani kinyumenyume, mama yake hajui anatazama nini?"

"Ulijua hukusema."

"Niseme nini? Kijana kampa babako mkono. Kasema weye ni dada yake. Nikafungue mimi mlango alioufunga mwenyewe?" Akakaa, akamshika magoti. "Nisikilize, mwanangu. Thani hana kosa. Ana kazi, ana kwao, na kakupenda. Mie babako nilimjua baada ya kuolewa, na sasa akichelewa kurudi sili. Mapenzi huja."

"Yangu yashakuja, mama."

"Basi yatapoa. Ushanyamaza, khalas, yamekwisha. Babako keshawaambia."

Kutoka ng'ambo ya ukumbi sauti nzito ya Mzee Khattab ikasikika ikisema, "Basi na tusome Fatiha, posa ifungwe."

Wijdan akasimama. Mama yake akamkamata mkono kwa nguvu.

"Wanaume wale. Ukivuka mlango huo utamvunjia babako uso."

"Nikikaa n'taolewa," Wijdan akasema. Mkono wa mama yake ukalegea.

Aliingia chumba cha wageni mikono ya watu imeshafunguliwa kwa dua. Aliyemwona kwanza ni Thani, kijana mrefu mwenye uso mwema, akashusha macho haraka. Mahfoudh hakuinua yake. Alikuwa amekaa mwisho kabisa wa zulia, karibu na viatu, mahali ambapo mshenga hakai.

"Wijdan?" baba yake akasema. Hakukasirika bado. Alishangaa tu, kama mtu aliyemwona ngamia jikoni.

"Baba, nisamehe. Mie sikukubali."

"Ulinyamaza."

"Nilishtuka. Sauti ilinipotea. Ungeniuliza jina langu pia ningenyamaza."

Mzee Khattab akashusha mikono. "Sleiman, siku hizi mabinti hutoka wenyewe kujibu posa?"

"Ngoja, Khattab." Mzee Sleiman hakuondoa macho kwa binti yake. "Kilichokushtua nini? Thani ana aibu gani usiyoniambia?"

"Hana aibu yoyote. Na yeye pia anisamehe." Sauti sasa ilikuwepo, na aliogopa akiiachia haitorudi. "Muulize kaka yangu. Siku ile alikupa mkono akasema mie ni dada yake. Akupe tena leo, mbele ya hawa, aseme maneno yale yale. Akisema, soma Fatiha, naolewa na Thani, na hutosikia neno langu tena."

Mzee Sleiman akashusha pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu Wijdan aingie akatabasamu. "Ni hilo tu? Mtoto wa kike anataka baraka ya kaka yake. Haya, Mahfoudh. Mridhishe."

Akanyoosha mkono wake.

Mahfoudh akauinua wake. Ulifika katikati, ukasimama. Kisha mkono ukarudi gotini kwa mwenyewe.

"Siwezi, ami."

"Huwezi nini?"

"Kusema uongo mkono wangu umo ndani ya wako." Aliongea taratibu, neno baada ya neno. "Siku ile nilisema kweli, wallahi. Nilikuwa na nia ya kaka. Leo si kweli tena. N'nampenda binti yako."

Huko ukumbini kitu kilianguka, pengine Bi Sayyida alikuwa ameegemea mlango.

"Tangu lini?" Mzee Sleiman akauliza.

"Muda mrefu. Nilijizuia. Nikaona akiolewa na mtu mwema, mie n'tapona, na neno nililokupa litabaki zima. Ndiyo maana nikamleta Thani. Sikumwona mtu mwema kuliko yeye."

Thani akageuka akamtazama rafiki yake, na uso ule mwema ukavimba kwa uchungu.

"Yakhe," akasema polepole, "kumbe ulinileta mie niwe dawa yako?"

"Thani, nisikilize."

"Nimekusikiliza njia nzima. Ulivyomsifu kwangu, ulivyojua anacheka vipi, anapenda kukaa wapi. Mie nikasema, mashaallah, kaka anamjua dada yake." Akainuka, akamwinamia Mzee Sleiman kwa heshima. "Ami, posa yangu naiondoa. Mke asiyenitaka simtaki, na mshenga huyu simtaki pia."

Mzee Khattab alikuwa ameshafika mlangoni, anatafuta viatu, na simu yake ya mkononi imeshatoka mfukoni. "Huu ndio ukaka wenu," akasema. "Fisi kakabidhiwa bucha, na sisi wazee tunamshukuru kwa ulinzi. Njoo, Thani."

Wakatoka. Wijdan alijua ingempasa kuona aibu, na aliiona, lakini chini ya aibu kulikuwa na furaha kubwa ya kutisha, furaha isiyo na adabu. Amesema. Mbele ya watu. Akamtazama Mahfoudh, na kwa mara ya kwanza tangu basi lile, kioo kile, miaka ile, Mahfoudh akamtazama asikwepe. Alikuwa analia.

"Ami," Mahfoudh akasema, "kama iko njia ya kukuomba..."

"Haiko." Mzee Sleiman bado mkono wake ulikuwa mbele, kama aliyesahau kuurudisha. "Mie Mungu hakunijaalia mtoto wa kiume. Siku ulipokuja na halwa yako, nilipokwisha kukusindikiza niliingia ndani nikamwambia Sayyida, leo tumepata. Muulize, yupo hapo mlangoni. Miaka miwili ukipita na gari lako natoka nje kukusalimu, si kwa ajili yake huyu, kwa ajili yako." Akaushusha mkono ule. "Toka, Mahfoudh. Usinifanye nikupige, maana bado n'nakupenda."

Mahfoudh akaenda. Alivaa viatu vyake ovyo, cha kulia mguu wa kushoto, akarekebisha, na hakuna aliyemsaidia. Mzee Sleiman akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Bi Sayyida akaanza kukusanya vikombe bila kumtazama binti yake.

"Mama."

"Usiniite sasa hivi."

Ndipo simu ya nyumbani ikalia ukumbini, na Wijdan akaikimbilia kabla ya mama yake, kwa sababu kifua chake kilikuwa karibu kupasuka na duniani alikuwepo mtu mmoja tu wa kuambiwa, na ndiye aliyepiga.

"Hind," akanong'ona, kiganja kimefunika mdomo. "Hind, kasema. Kasema mbele ya baba, mbele ya watu wote. Ananipenda."

"Nshasikia."

Sauti ya Hind ilikuwa imekauka, kama ya mtu aliyekwisha kulia.

"Umesikia kwa nani? Hata robo saa haijapita."

"Mzee Khattab kampigia baba njiani, si jirani yetu? Baba kampigia babake Bakhita, mwenzetu wa chama. Babake Bakhita kawapigia wengine. Hapa simu haikupumzika, mpaka nimeiba nafasi hii. Kesho hatuendi, Wijdan. Si mazoezi tu. Baba kasema chuo basi. Na si mimi peke yangu."

"Kwa ajili ya Mahfoudh? Wengine hawajafanya kitu."

"Nilimwambia hivyo. Akasema mkono wa Mahfoudh ndio uliokuwa bora ya mikono yote. Ikiwa huo umefika hapo, haamini mwingine."

Wijdan akakaa chini, pale pale sakafuni. Aliuona uso wa Mahfoudh mwisho wa zulia, karibu na viatu, haukuinuka hata mara moja. Yeye alijua. Alijua tangu mwanzo neno lake moja lingebomoa nini, akaona bora amwoze Wijdan kwa mtu mwingine kwa mikono yake mwenyewe kuliko kulisema. Na yeye Wijdan ndiye aliyemtoa neno hilo kinywani.

"Hind, nilichofanya ni kusema kweli," akasema. "Walikuwa wananioza."

"Najua. Na mie ningesema." Hind hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwogopesha Wijdan. Nyuma yake sauti ya mwanamume ilikuwa inamwita, kwa ukali, mara ya pili. "Babako atakuwa mkali mwaka mzima, halafu atampa Mahfoudh, maana hawezi bila yake. Wewe umepata mume, Wijdan. Sisi wengine tumerudishwa jikoni."

Na akaweka simu.